Jibu la mtaalamu: orodha ya snapshoti ikirudi tupu, imesema nini?

*"Shikamoo mwalimu. Nina mwaka wa pili kazini, kampuni ndogo inayokodisha mashine pepe. Tunatumia QEMU, programu inayoendesha mashine hizo, na diski za qcow2, muundo wa faili linalobeba diski nzima ya mashine. Mwenzangu ameandika msimbo wa Python wa kuorodhesha snapshoti (picha za hali ya diski kwa wakati fulani) za diski za kila mteja ili zionekane kwenye ukurasa wake. Msimbo unaendesha qemu-img snapshot -l, amri ya chombo cha QEMU cha kushughulikia mafaili ya diski, unaruka mistari miwili ya juu, kisha unakata kila mstari uliobaki kwenye nafasi na kuchukua neno la pili kama jina. Kukitokea kosa lolote unarudisha orodha tupu 'ili ukurasa usivunjike'. Nimepewa niukague. Sijawahi kufungua qcow2 nikaona ndani, na bosi anasema nipitishe tu kwa kuwa msimbo unasoma, haubadilishi kitu. Lakini tulipoujaribu, mteja mmoja ambaye tunajua ana snapshoti alionekana hana hata moja, na faili la diski yake ni kubwa kuliko tulivyotarajia. Mwenzangu mwingine anashauri tuachane na amri, tusome faili wenyewe, ati ni haraka zaidi. Niupitishe au niukatae? Na hasa nikague nini?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na bosi wako, maana hoja yake ndiyo inayokukaba koo. Anasema msimbo unaosoma tu hauna madhara. Hoja hiyo niliwahi kuiamini, ikanigharimu.

Miaka kadhaa nyuma, mahali nilipokuwa nimeajiriwa, tulihamisha diski za wateja kutoka hifadhi ya zamani kwenda mpya. Ijumaa usiku niliendesha skripti yangu iorodheshe snapshoti za kila diski. Diski zenye snapshoti tuliziweka kando tuzihamishe kwa mkono. Zisizo nazo, Jumamosi tulizima mashine zake, tukazipitisha kwenye qemu-img convert, tukafuta mafaili ya zamani. Ile convert hubeba hali ya sasa ya diski peke yake. Snapshoti zilizomo ndani ya faili huziacha zilikokuwa. Jumatatu asubuhi mteja akapiga simu, anaomba arudishwe kwenye snapshoti ya kabla hajasasisha hifadhidata yake. Haikuwepo. Skripti yangu ilikuwa imemwandikia sifuri, kwa sababu Ijumaa usiku mashine yake ilikuwa inawaka, faili limefungwa kufuli, amri ikakataa kulifungua, na mimi nikaandika kule kukataa kama sifuri. Skripti ile ilikuwa inasoma tu. Haikubadilisha baiti hata moja.

Kwa hiyo unapokagua msimbo wako, swali la kwanza kuliko yote ni hili: orodha tupu hapa ina maana gani? Je, ni "nimeangalia, hakuna", au ni "sikuweza kuangalia"? Msimbo wa mwenzako unayachanganya majibu hayo mawili kwa makusudi, katika mistari ambayo nadhani inafanana na hii:

    except Exception:
        return []

Nia yake ni njema, ukurasa usivunjike mbele ya mteja. Ila ukurasa uliovunjika mteja anaupigia simu. Ukurasa unaosema "huna snapshoti" anauamini. Akiuamini ataunda nyingine, au ataacha kuziomba, au siku moja mtu wa kwenu atafuta kitu kwa kuutegemea.

Sasa tuingie ndani ya faili, kwa sababu ukishaona mpangilio wake mengine yote yatakuwa mepesi.

qcow2 hugawa diski vipande vinavyoitwa klasta, kwa kawaida kilobaiti 64 kila kimoja. Mashine ikitaka kusoma sehemu fulani ya diski, QEMU hupitia majedwali mawili ya kuelekeza, L1 kisha L2, hadi iipate klasta yenyewe ndani ya faili. Pembeni kuna jedwali la tatu linalohesabu kila klasta inatumiwa na wangapi. Ukipiga snapshoti ya ndani, data hainakiliwi. QEMU hunakili jedwali la L1, huongeza hesabu ya watumiaji kwenye klasta zinazohusika, kisha huandika mstari mmoja katika jedwali la snapshoti. Ndiyo maana snapshoti ya diski kubwa huisha kufumba na kufumbua. Gharama huja baadaye: mashine ikitaka kuandika juu ya klasta inayomilikiwa pia na snapshoti, QEMU hutenga klasta mpya na kuiacha ile ya zamani palepale. Faili hunenepa polepole. Na ukifuta snapshoti, klasta zake huachiwa zitumike tena, lakini usitegemee urefu wa faili urudi ulikokuwa. Kwa hiyo ukubwa wa diski ya mteja wako ni dalili tu, hauthibitishi kitu.

Idadi ya snapshoti na mahali jedwali lao lilipo vimeandikwa kwenye kichwa cha faili, kuanzia baiti ya 60. Unaweza kuvitazama kwa macho yako. Chukua diski ya majaribio, si ya mteja, uandike:

    xxd -s 60 -l 12 jaribio.qcow2
    0000003c: 0000 0003 0000 0000 0035 0000

Baiti nne za mwanzo ni idadi: tatu. Nane zinazofuata ni anwani ya jedwali ndani ya faili, hapa 0x350000. Namba zote za qcow2 huandikwa kuanzia baiti yenye uzito mkubwa. Ukizisoma kwa mpangilio wa prosesa ya kawaida ya Intel bila kuzigeuza, hiyo tatu itakuwa 50,331,648. Nimeshuhudia msimbo uliotenga kumbukumbu kwa hesabu ya namna hiyo, seva nzima ikapiga magoti.

Ukienda kwenye anwani ile utakuta mistari ya snapshoti imefuatana. Kila mstari una anwani ya L1 yake, urefu wa kitambulisho, urefu wa jina, saa ilipopigwa kwa sekunde na nanosekunde, saa ya mashine yenyewe tangu iwake, na ukubwa wa hali ya kumbukumbu (RAM) ya mashine kama ilihifadhiwa. Kisha huja data ya ziada, kitambulisho, jina, na vijazio hadi ifike kigawe cha nane. Angalia jambo moja: kitambulisho ni maandishi, si namba, hata kama kila siku unakiona "1", "2", "3". Na hakuna kinachozuia snapshoti mbili katika jedwali moja kuwa na jina lilelile.

QEMU ikiombwa orodha, ndani yake kuna kazi inayoitwa bdrv_snapshot_list, nayo hurudisha namba moja. Chanya ni idadi. Sifuri ni "nimeangalia, hakuna". Hasi ni kosa, na makosa hayafanani: hasi moja husema hakuna diski iliyochomekwa, nyingine husema muundo huu hauna snapshoti za ndani, nyingine ni hitilafu nyingine tu. Waandishi wa QEMU walitenganisha mambo haya vizuri kabisa. Halafu njoo uone qemu-img snapshot -l inavyoyatumia. Katika matoleo niliyoyasoma, kipande kinachochapisha orodha kinauliza kama namba ni sifuri *au chini yake*, na ikiwa hivyo kinarudi kimya. Hakichapishi neno, na amri inamalizika kama iliyofanikiwa. Jaribu mwenyewe kwenye diski ya muundo ghafi, ule wa raw: amri itanyamaza na kukupa sifuri ya mafanikio, ingawa muundo huo hauwezi kubeba snapshoti za ndani hata ukitaka. Kwa hiyo mwenzako hakubuni kosa hili peke yake, amelirithi kutoka kwenye chombo anachokitumia. Mwambie hivyo unapomkosoa, itapunguza makali.

Lakini mteja wako mwenye orodha tupu nadhani ana kisa kingine. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2017, QEMU hulifunga kufuli faili la diski wakati mashine inawaka. Ukija na qemu-img kutoka nje utajibiwa:

    Failed to get shared "write" lock

yaani kuna programu nyingine inayoandika kwenye faili hili, nawe huruhusiwi kuingia. Safari hii amri inashindwa waziwazi: ujumbe unakwenda kwenye mkondo wa makosa na namba ya kutokea si sifuri. Msimbo wenu unaupokea huo ukweli na kuutupa. Na kwa kuwa wateja wengi mashine zao zinawaka mchana kutwa, ningeshangaa kama ni yeye peke yake. Pengine wengine hawana snapshoti kweli, hivyo sifuri yao ya uongo imefanana na sifuri ya haki.

Ipo alama ya -U inayoiambia qemu-img isome hivyohivyo pamoja na mwenye kufuli. Inafaa kwa kutazama, mradi ukumbuke kwamba unasoma kitabu ambacho mwenzako bado anakiandika. Unaweza kukuta ukurasa umejazwa nusu. Njia safi kwa mashine inayowaka ni kuiuliza mashine yenyewe kupitia soketi yake ya QMP, mlango ambao QEMU hupokelea amri, kwa amri ya query-named-block-nodes. Yeye ndiye mwenye diski, na majibu yake yanatoka kwenye kumbukumbu yake mwenyewe.

Kukata maandishi kwenye nafasi nako hakufai, na hili ni rahisi kulionyesha mezani. Unda diski ndogo, piga snapshoti yenye jina la kibinadamu:

    qemu-img create -f qcow2 jaribio.qcow2 1G
    qemu-img snapshot -c "kabla ya kusasisha" jaribio.qcow2

Uendeshe msimbo wa mwenzako. Mteja ataona snapshoti inayoitwa "kabla". Akipiga nyingine "kabla ya sikukuu", atakuwa na "kabla" mbili, na hata akiwa na akili za Abunuwasi hatajua ipi ni ipi. Majedwali yaliyochapishwa kwa ajili ya macho ya watu hubadilika pia bila hodi. Ukubwa uliokuwa ukiandikwa "0" sasa huandikwa "0 B", nafasi moja imeongezeka hapo hapo. Tangu toleo la 5.2 kuna safu mpya ya ICOUNT mwishoni. Tarehe nazo huchapishwa kwa saa za seva bila kutaja ni saa za wapi: seva ikiwa Ulaya na mteja wako yuko Mwanza, snapshoti aliyoipiga saa nane mchana inaweza kuonekana imepigwa saa sita au saa saba, naye ataapa si yake.

Dawa ya haya yote haiko mbali. Ni amri ya jirani:

    qemu-img info -U -f qcow2 --output=json jaribio.qcow2

Hapa jibu linakuja kwa JSON, muundo ambao programu husoma bila kukisia: unapata jina likiwa zima na nafasi zake, saa ikiwa sekunde tangu 1970 ambazo utazigeuza ziwe saa za mteja, kitambulisho, na ukubwa wa hali ya kumbukumbu. Mtego mmoja: diski isiyo na snapshoti haina kabisa kipengele cha "snapshots" kwenye jibu. Haiandiki orodha tupu, inakiacha. Mwenzako akiandika data["snapshots"] Python itarusha kosa, ile except italidaka, orodha tupu itarudi, na safari hii itakuwa sahihi kwa bahati. Majaribio yatapita na wote mtafurahi. Mkaguzi aliyelala hapo ndipo anapopitwa. Mwambie atumie data.get("snapshots", []) baada ya kuhakikisha amri imefanikiwa, na makosa mengine yote yapande juu hadi kwenye ukurasa, uandike "hatukuweza kusoma snapshoti kwa sasa".

Alama ya -f usiiache. Isipokuwepo, qemu-img hukisia muundo kwa kutazama mwanzo wa faili. Sasa fikiria mteja mwenye diski ghafi. Kila kilichomo ndani yake anakiandika yeye, hata baiti za mwanzo kabisa. Anaweza kuandika pale kichwa cha qcow2 chenye jina la faili la nyuma, yaani faili ambalo diski huliegemea kwa data isiyo nayo, linaloelekeza kwenye faili la seva yenu, kisha akangoja chombo chenu kikisie. Ujanja huu ni wa zamani na unafahamika. Ukitaja muundo halisi wa diski kama mlivyouandika kwenye kumbukumbu zenu, ghafi ikiwa ghafi na qcow2 ikiwa qcow2, chombo hakikisii tena, yakaisha.

Kuhusu yule anayetaka msome faili wenyewe: kasi atakayoipata ni ya kweli, kuanzisha amri mpya kwa kila diski kuna gharama yake ukiwa na diski mia kadhaa. Lakini angalia anachojitwisha. Urefu wa jina umetengewa biti 16, hivyo faili linaweza kudai jina la baiti 65,535, wakati QEMU yenyewe inapoorodhesha hutenga nafasi ya baiti 256 tu, ikiwemo ya kufungia; majina marefu hukatwa kwenye 255, hata kama ni katikati ya herufi ya Kiarabu. Ukubwa wa hali ya kumbukumbu umeandikwa mara mbili, kwanza kwa biti 32 kwa ajili ya matoleo ya zamani, kisha kwa biti 64 ndani ya data ya ziada. Ukisoma ule wa kwanza, mashine yenye gigabaiti nane itakudanganya. Idadi ya snapshoti inatoka kwenye faili ambalo huenda mteja ndiye aliyelipakia, hivyo ni neno lake, si lako. QEMU imejiwekea kikomo cha snapshoti 65,536, na data ya ziada isizidi baiti 1,024 kwa kila moja, lakini ukaguzi wa namna hiyo haukuwepo siku zote. Mwaka 2014 lilirekebishwa kundi zima la mianya ya usalama katika visomaji vya mafaili ya diski vya QEMU, na CVE-2014-0144, namba ya usajili ya baadhi ya mianya hiyo, ilihusisha kutohakiki mahali na ukubwa wa jedwali hilihili la snapshoti. Mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, unaosomwa na macho ya watu wengi duniani, uliteleza hapo kwa miaka. Nyinyi wawili na Python yenu, kwa ajili ya kuokoa sehemu ya sekunde? Mimi ningekataa, na ningekataa bila kuomba radhi. Kama kasi inawauma, hifadhini jibu kwa dakika moja mbili.

Kama mashine zenu zinasimamiwa na libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, kuna njia nyingine, na kuna jingine la kulijua. virsh snapshot-list huonyesha snapshoti ambazo libvirt imezisajili kwenye kumbukumbu zake. Iliyopigwa kwa qemu-img nje ya libvirt haitaonekana pale. Na kinyume chake: snapshoti za nje, zile ambazo faili la zamani hugandishwa na jipya likaanzishwa juu yake, hazimo kwenye jedwali lolote la qcow2, hivyo qemu-img snapshot -l haizioni hata mashine ikiwa imezimwa. Hizo utaziona kwa qemu-img info --backing-chain, faili moja limeegemea jingine. Waulize wakubwa wa ofisi yenu mnapiga aina gani. Nimekuta timu ambayo nusu ya watu wanapiga hizi na nusu wanapiga zile, na kila nusu inaapa kwamba ile nyingine haina akiba.

Mkienda njia ya libvirt, tumieni virDomainListAllSnapshots. Kabla yake ilikuwepo namna ya hatua mbili, kuuliza kwanza zipo ngapi, kisha kuomba majina kwa idadi hiyo. Kati ya swali la kwanza na la pili mtu anaweza kupiga au kufuta moja, na orodha ikapungukiwa bila kujijua. Hii mpya iliingia toleo la 0.9.13 mwaka 2012 na hutoa zote kwa pigo moja. Nakutajia ili ukitaka mfano wa kumwonyesha bosi kwamba kuorodhesha kuna ugumu wake, unao.

Mashine yenye diski mbili au zaidi nayo ina swali lake. Snapshoti ya mashine nzima hurejesheka tu ikiwa ipo kwenye diski zote, na hali ya kumbukumbu huhifadhiwa kwenye diski moja kati ya hizo. Ndani ya QEMU, amri ya info snapshots huorodhesha kwanza zile zilizopo kote, na mahali pa kitambulisho huweka "--" kwa kuwa snapshoti ileile inaweza kuwa "2" kwenye diski moja na "5" kwenye nyingine. Zilizopo nusunusu huzitaja kando. Ukurasa wenu unaonyesha diski moja moja. Mteja atadhani kila anachokiona anaweza kurudi kwacho. Hilo si lazima lizuie msimbo huu, lakini liandike kama jambo la kufuatilia. Pia msitumie jina peke yake kama ufunguo wa kufutia au kurejeshea, wala kitambulisho peke yake: kwenye qcow2, kurejesha hutafuta kwanza kitambulisho, kisha jina, hivyo mteja aliyeiita snapshoti yake "2" anaweza kurudishwa kwingine kabisa. Bebeni vyote viwili pamoja na saa, na mhakiki upya dakika ya kutenda.

Basi, upitishe au ukatae? Kwa hali yake ya sasa usiupitishe, lakini usiuandikie hukumu ndefu. Omba mambo mawili yasiyojadiliwa: kosa lisigeuzwe orodha tupu, na maandishi yabadilishwe kuwa JSON yenye muundo uliotajwa. Omba na majaribio yenye mafaili halisi: diski isiyo na snapshoti, yenye jina lenye nafasi, yenye majina mawili yanayofanana, diski ghafi, na diski ambayo mashine yake inawaka. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka kwa uvivu, na ndiyo iliyoniumbua mimi. Mengine, kama vile amri kupelekwa vipande vipande badala ya sentensi moja ya shelli, au kuweka muda wa kusubiri, yataje kwa mstari mmoja mmoja. Na kabla hujaandika chochote, vuta kiti ukae na mwenzako, mwonyeshe ile "kabla" ikitokea kwenye skrini. Maneno ya ukaguzi yakisomwa bila sauti huwa makali kuliko yalivyokusudiwa, na huyu utakuwa naye kesho na keshokutwa.

Lipo eneo moja ambalo ushauri wa barua hautoshi, nalo ni diski ya yule mteja. Kwanza iulize mashine yake kupitia QMP kama nilivyoeleza. Uwezekano mkubwa snapshoti zake zipo na hadithi itaishia hapo. Zisipoonekana, tazama mnyororo wa mafaili ya nyuma. Zisipoonekana huko pia, au amri ikianza kulalamika kwamba jedwali la snapshoti halisomeki, acha kila kitu. Usiendeshe qemu-img check yenye alama ya kukarabati, na hasa usiiendeshe mashine ikiwa inawaka. Kukarabati faili linaloandikwa na mwingine kunaweza kuharibu hata kilichokuwa kizima. Mwombe mteja muda, zimeni mashine yake kwa utaratibu, nakilini faili zima mahali pengine, na uchunguzi wote ufanyike kwenye nakala, ukiwa umekaa na mtu wa hifadhi mwenye uzoefu wa kurejesha data, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Kama ofisini hamna mtu huyo, tafuteni wa nje mumlipe. Na mpaka hilo liishe, mwambie bosi asiruhusu diski yoyote ihamishwe wala kufutwa kwa kutegemea ule ukurasa.

Zile baiti 12 za kichwa cha faili lake ukishazipata kwenye nakala, nitumie nizione.